Wanataka kukutangaza bure? Soma hii kabla hujawafungulia mlango

Meseji yenyewe huwa inakuja hivi: "Habari dada, tumeona kazi zako ni nzuri sana, tungependa kuja kukufanyia kipindi, ni bure kabisa hulipii chochote." Mimi ya kwangu ilinikuta nimekaa chini naunganisha ukili, ule mkanda mrefu wa majani ya kusuka, nikapiga kigelegele hadi jirani akatoka kuuliza nani kaolewa.

Natengeneza mikoba ya ukili, ile yenye mikanda ya ngozi na bitana ya kitenge ndani. Ukili wangu unasukwa na kina mama wa Mafia, unavuka kwa boti mpaka Nyamisati, alafu unapanda basi mpaka Mbagala Rangi Tatu, hapo ndo naupokea naupeleka Tandika kwenye chumba nilichopanga kwa kazi. Kipindi hicho nilikuwa nauza mikoba kama 12 kwa wiki. Basi wakaja watu watatu na kamera, wakakaa masaa mawili na nusu, na mimi kwa furaha nikawaonyesha kila kitu: kalibu la mbao, lile umbo ninaloshonea kitako cha mkoba, vipande vya boksi ninavyopimia mkato, bei ninayonunulia ngozi, gunia la ukili ambalo ubavuni kuna namba ya simu ya yule mama wa Mafia imeandikwa kwa maka peni kubwa kabisa, hadi fundi wangu wa mikanda nikamvuta mbele ya kamera aseme jina lake na anapokaa maana nilitaka na yeye afurahi.

Kipindi kikaruka jumamosi. Baada ya wiki tatu nikaukuta mkoba wangu Kariakoo umetandikwa kwenye turubai, ukili wa plastiki, bitana ya nailoni, bei nusu. Jioni yake yule mama wa Mafia ananipigia, "mwanangu, mbona watu sita wamenipigia wote wanataka ukili wa upana wako?" Na fundi wa mikanda mwezi uliofuata akaniaga kwa adabu kabisa, kapata sehemu.

Kwahiyo hii nakuandikia wewe uliyepata hiyo meseji leo na hujajibu bado. Biashara ni matangazo, hilo wote tumekariri, na mimi sikwambii ukatae. Nakwambia kuna namna ya kupima na namna ya kujiandaa, na mimi niliijua baada ya kuumia.

Hatua ya 1: Jua kitu chako kinaibika kwa njia gani

Hapa usiruke maana ndo penye uzito. Kuna vitu vinaibika kwa macho tu. Mkoba, gauni, hereni, mtindo wa keki, mpangilio wa banda la chipsi. Picha moja iliyopigwa kwa karibu ikimfikia fundi anayejua kazi imeisha hiyo. Kuna vingine lazima mtu anunue akavifungue aone ndani kuna nini. Na kuna ambavyo hata ukinunua ukaonja ukalala navyo hujui vimefanywaje, achari, masala ya kuchanganya, pilipili za chupa, ubuyu.

Jaribio ninalokushauri ni hili, na ulifanye kweli usiishie kuliwaza. Piga picha ya bidhaa yako, mpe mtu asiyejulikana kuwa ni wako, apeleke kwa fundi wa mtaa wa mbali amwambie naomba unitengenezee hiki, bei gani na lini. Mlipe kabisa afanye. Alafu kaa na ile kopi mezani uitazame bila hasira. Mimi nilifanya nikiwa nimeshachelewa: siku 2, elfu 18, na mkoba ulikuwa mzuri jamani, tofauti ilikuwa kwenye ushonaji wa kitako tu ambao mteja hatoujua mpaka miezi mitatu ipite uanze kuachia.

Sasa nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Tanga anauza achari ya embe. Yeye alionyesha jiko lake lote kwenye simu, sufuria, vikaango, maembe yametandazwa juani, akatrendi wiki nzima. Nawajua watatu waliojaribu kumuiga. Mmoja achari yake ilitoa ukungu wiki ya pili, mwingine ilikuwa chungu, wa tatu alirudi kununua ya jumla kwake akaweka lebo yake. Maana ukiangalia video unaona embe na jua, huoni embe linaanikwa mpaka likunje vipi, wala masala gani yanakaangwa kabla ya yapi. Kwa mtu kama yeye promo ya bure ni zawadi, aichukue mikono miwili. Kwa mtu kama mimi ni kama kumkaribisha mgeni chumba cha kulala.

Na kuna kundi la tatu ambalo watu hawalifikirii, vitu ambavyo kuigwa ndo kunavikuza. Nenda Forodhani pale Unguja usiku uhesabu meza za Zanzibar pizza. Hakuna mwenye hati ya kile chakula, kila mtu anakunja unga wake anapasua yai, na mgeni anakuja kisiwani akiwa ameshalisikia jina kabla hata ya kushuka kwenye boti. Rolex ya Kampala vilevile, chapati na mayai ya kukunja, ingekuwa kwenye kibanda kimoja tu Wandegeya nani angeijua huku? Ukiwa unauza kitu ambacho watu bado hawajakizoea, wawili watatu wakikuiga wanakusaidia kazi ya kuelimisha wateja. Ukiwa unauza kitu ambacho soko lake lipo tayari, kama mkoba, muigaji anagawana na wewe kilichopo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya "bure"

Chukua daftari. Nakupa za kwangu uone inavyokwenda, wewe weka zako.

Mkoba nauza 35,000. Ukili, ngozi, bitana na zipu 14,000, ufundi 6,000, mfuko na boda 2,000. Faida 13,000. Uwezo wetu kwa siku mikoba 5, yaani 30 kwa wiki ya siku sita. Siku kipindi kinaruka nilikuwa na mikoba 23 ndani.

Meseji zilizoingia siku tatu za kwanza zilikuwa 412. Usidanganyike na hiyo namba, wengi ni "hongera dada" na "bei?" alafu kimya. Waliokuwa na nia ya kweli nilikadiria 150. Mteja wa mtandaoni anakusubiri wiki mbili, ya tatu ameshasahau jina lako. Kwa wiki mbili nilikuwa na uwezo wa kutoa 23 na 60, jumla 83. Ukitoa 24 ambazo ningeuza hata bila kipindi, kipindi kiliniletea 59. Mara 13,000 ni 767,000. Hela nzuri, sikatai, nilinunua cherehani.

Sasa upande wa pili. Wale 67 waliobaki bila mkoba walienda wapi? Walienda kwa yule wa Kariakoo. Na hili ndo jambo ambalo ningependa ulielewe kuliko yote humu: muigaji wangu hakuninyang'anya wateja niliowahudumia, alianza na wale niliowaamsha hamu alafu nikawaambia "mzigo umeisha mpenzi subiri." Mimi nilimtangazia, yeye akauza. Wale ndo walimpa mtaji wa kutengeneza mzigo wa pili. Baada ya hapo mauzo yangu yakashuka kutoka 12 hadi kama 7 kwa wiki, kwa wiki 17 mpaka nilipotoa mtindo mpya. Mikoba 85 niliyopoteza, 1,105,000. Toa ile 767,000 niliyopata. Kipindi cha bure kilinigharimu 338,000, na fundi mmoja.

Ungekuwa na mikoba 150 stoo siku ile hesabu inageuka kabisa. Ndo maana nasema swali la kwanza siyo "wataniiga?" Watakuiga. Swali ni "siku simu zikianza kuita ninacho cha kuwapa?"

Hatua ya 3: Nani anatazama hicho kipindi

Hapa nilikuwa kipofu kabisa. Kipindi kilichokuja kwangu kilikuwa cha wajasiriamali. Sasa hebu jiulize nani anakaa jumamosi asubuhi kutazama kipindi cha wajasiriamali. Mtu anayetafuta mkoba wa kwenda nao kwenye send-off? Hapana bwana. Ni mtu anayetafuta biashara ya kufanya! Ana laki tatu yake ya mkopo wa kikundi, ana kalamu, anasubiri umwambie unanunua wapi na unapata kiasi gani. Siyo mtu mbaya, hata mimi nilianzia hapo hapo. Ila siyo mteja wako.

Linganisha na kurasa za harusi, za mitindo, za utalii, wanaoonyesha sehemu za kutembelea, au dada mwenye wafuasi elfu nane tu ambao wote ni wafanyakazi wa maofisini anapiga picha na mkoba wako begani kwenye lifti. Picha yake moja ilinipa oda 31 na hakuna hata mmoja aliyeniuliza ukili unatoka wapi. Watu wa mikoba wanauliza rangi, wanauliza laptop inaenea. Wakianza kuuliza materio unapata wapi, jua hao ni wenzako kazini.

Maonyesho yana mchanganyiko. Sabasaba pale viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa wanapita wanunuzi wa kweli, wa jumla hasa, wanaweza kukubadilishia mwaka. Na wanapita vijana wenye simu wanaopiga picha kitako cha mkoba, ndani ya mkoba, mshono wa zipu, wanakwambia "napiga nimtumie mke wangu." Mke gani anataka kuona bitana. Mimi sa hivi mezani naweka mikoba imefungwa zipu, atakayetaka kuona ndani namfungulia mwenyewe huku tunaongea, na mitindo ya mwaka unaofuata inakaa kwenye boksi chini ya meza, namtolea mnunuzi wa jumla tu akishaniachia namba na jina la duka lake.

Hatua ya 4: Makaratasi kabla ya kamera

Nitaipitia haraka ila usiidharau.

Watu wengi wanachanganya vitu viwili. Ukisajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, unakuwa umetambulika kwamba unafanya biashara kwa jina hilo, basi. Anayekupa nguvu ya kumzuia mwenzio asilitumie jina au nembo yako kwenye bidhaa ni usajili wa alama ya biashara, nao unafanyika hapo hapo BRELA kwa mtandao, utahitaji namba yako ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA. Alama inasajiliwa kwa madaraja ya bidhaa, mikoba iko daraja la 18, viatu na nguo daraja la 25, kwahiyo ukisajili mkoba alafu mtu akaweka jina lako kwenye ndala inabidi uwe uliwaza mapema. Ombi likikubaliwa linatangazwa, watu wanapewa siku 60 za kupinga, ndo maana nasema uanze miezi kabla, siyo wiki ile kamera inakuja. Ikitoka inakaa miaka 7, ukihuisha inakuwa miaka 10 kila mara. Na hiyo ni ya Bara peke yake, Zanzibar wana ofisi yao, BPRA, unaomba upya kule. Walioko Kenya ofisi yao ni KIPI, alama inakaa miaka 10, na wao wanasajili pia umbo la bidhaa kwa miaka 5 inayoweza kuongezwa mara mbili. Kama unaenda njia ya umbo au hataza (haki ya mgunduzi), omba kwanza ndo uonyeshe watu, maana wanatazama kama kitu ni kipya, na kilichokwisha kuruka kwenye luninga unaweza kukosa pa kukitetea.

Jina lenyewe chagua ambalo siyo la kila mtu. "Ukili Bags" hutolimiliki milele, ukili ni ukili. Miaka ya 2000 kuna kampuni ya Uingereza ilijaribu kusajili kule kwao neno la kikoi kama alama yake, wakapingwa, haikufika popote, na ilikuwa haki, kikoi ni nguo ya pwani nzima. Mimi natumia jina la utani aliloniita bibi, haliko kwenye kamusi yoyote.

Sasa ukweli ambao ofisini hawatokwambia kwa sauti: alama ya biashara haimzuii mtu kushona mkoba kama wako akauita kwa jina lake. Mtazame mzee Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968, rangi za baiskeli kwenye vibao, akafariki 1972, miaka minne tu. Mtindo ukachukuliwa na ndugu zake na wanafunzi, leo unachorwa kila mahali mpaka viwanja vya ndege vinauza. Umbo lilimkimbia. Jina halikumkimbia, mpaka leo ukiuona ule mchoro unasema tingatinga. Ndo maana pesa yangu ya kwanza ya makaratasi niliipeleka kwenye jina.

Kwa wenye siri za jikoni hakuna pa kusajili siri, siri inalindwa kwa kuifanya isionekane. Mdogo wangu wa Tanga masala anachanganya mwenyewe usiku, wasichana wake wanakuta mfuko umeshafungwa hauna lebo. Mimi kwa mafundi nimegawanya, mmoja mikanda, mwingine bitana, kitako nashona mwenyewe. Tuna makubaliano ya maandishi pia, yapo kwenye faili, ila nikwambie tu kilichombakisha fundi wangu wa sasa ni kwamba namlipa ijumaa bila kuombwa.

Hatua ya 5: Amua wewe nini kinaonekana

Hawa watu wa vipindi siyo maadui, wana kazi yao, na kazi yao inataka "hatua kwa hatua watazamaji wajifunze." Usipowapa mpango wako wataleta wao. Kabla hujawaambia waje, watumie meseji, yangu huwa iko hivi, ibebe ubadilishe:

"Asanteni sana kwa kunifikiria. Nitafurahi kuwapokea. Naomba tukubaliane mambo machache: sehemu ya utengenezaji tutaonyesha usukaji wa ukili na kazi ya mikono kwa ujumla, hatutaonyesha vipimo, kalibu wala wanaonisambazia malighafi. Sitaongelea kipato. Naomba kujua tarehe ya kuruka wiki mbili kabla ili nijiandae na wateja. Na jina la biashara pamoja na namba ya oda vionekane kwenye skrini."

Wengi wanakubali. Mmoja alinijibu "ooh sasa watazamaji watajifunza nini," nikamwambia watajifunza mkoba unapatikana wapi. Hakurudi, na sikulia.

Siku ya kurekodi amka mapema upite chumba kizima ukiwa umeshika simu yako kwenye kamera, utazame kama wao watakavyotazama. Utashangaa. Kalenda ukutani ina namba za wasambazaji. Maroba yana mihuri ya kiwanda. Kwenye kioo cha kabati kuna risiti imebandikwa. Vipande vya mkato vinaning'inia msumarini. Vyote hivyo vinaingia kwenye mfuko unaenda kwa jirani. Unachoacha ni mikono ikifanya kazi, uso wako, bidhaa iliyokamilika, na ikiwezekana mteja wako aliyekaa nayo mwaka mzima aje nayo imechakaa vizuri. Mkoba wa mwaka na mkanda wake mzima ni kitu ambacho yule wa plastiki hana hata akitaka.

Usiseme unapata milioni ngapi kwa mwezi. Najua mtangazaji atakuuliza, anauliza huku anatabasamu, na wewe umevaa vizuri unataka kuonekana umefanikiwa. Ukisema milioni mbili, kesho una waigaji kumi na mwenye nyumba anapandisha kodi. Sema "inanisomeshea watoto" mwendelee.

Na hii ndo mbinu ninayoipenda kuliko zote: onyesha mtindo wa juzi. Wakati kipindi kinarekodiwa, mtindo unaofuata uwe umeshakamilika na uko stoo. Waige wanachokiona, wanunue ukili wa upana ule, wachonge kalibu lile, na wakimaliza wiki ya tatu wewe unatoa mwingine. Wanakuwa wanakukimbiza nyuma na mzigo wa zamani mkononi.

Hatua ya 6: Jaza stoo alafu ndo uruke

Tarehe ya kuruka ni yako kuibishania. Kama wanarusha kesho na una vipande 23, omba wasogeze, wakikataa bora ukose. Kadiria wateja wa kweli, usitazame wafuasi wao, uliza mtu mwingine aliyeonyeshwa kwenye kipindi hicho hicho alipata oda ngapi siku tatu za kwanza, watu wanasema ukiwauliza kwa upole. Andaa angalau nusu ya hiyo ikiwa imekamilika, na malighafi ya nusu nyingine iko ndani.

Watakaozidi usiwaambie "imeisha." Waambie "oda yako ni namba 94, inatoka alhamisi ya tarehe fulani, kianzio elfu 10." Mtu aliyeweka elfu 10 kwako hafiki Kariakoo. Aliyeambiwa subiri bila kulipa kitu huyo ameshaondoka, we bado unaandika emoji ya moyo. Weka lipa namba kwenye jibu la kwanza kabisa la WhatsApp, tafuta mtoto wa dada au jirani anayeandika haraka akae na simu siku tatu, umlipe, na wewe uwe kwenye cherehani. Mimi ile mara ya kwanza nilikuwa najibu simu mwenyewe mchana kutwa, mikoba ikawa inasuasua siku ambazo niliihitaji zaidi.

Hatua ya 7: Wakishakuiga

Usiende laivu kulia. Nililia laivu mimi, watu mia nne wakatazama, na robo yao wakauliza "huyo wa bei nusu yuko duka gani?" Naapa.

Kanunue kopi moja, ifungue, uone alipobana. Alafu jua umeigwa nini. Kama kachukua picha zako anazitumia kuuzia vya kwake, hiyo ndo rahisi, picha ni haki yako tangu ulipoipiga, Instagram na Facebook wana fomu ya kuripoti, unaambatanisha picha halisi kwenye simu yako yenye tarehe, mimi mbili zilishushwa. Kama kachukua jina au nembo na umeshasajili, mwandikie barua kwanza, asipoelewa unaenda FCC, Tume ya Ushindani, wao wanashughulika na bidhaa feki na wana mamlaka ya kukamata. Bila usajili utakuwa na maneno mengi na mkono mtupu. Kama kachukua umbo peke yake, akauita jina lake, samehe uendelee, umepoteza mtindo mmoja.

Kama ni fundi wako wa zamani, mpigie. Wa kwangu nilimpigia baada ya miezi minne, nikakuta kule analipwa kwa kipande na hawamlipi kwa wakati. Hakurudi, ila sa hivi nikizidiwa na oda namtumia mikanda anashona usiku kwake.

Na shindana pale ambapo mwenye bei nusu hawezi kusimama. Mimi kila mkoba unatoka na kikadi: mkanda ukikatika ndani ya mwaka leta Tandika tunashona bure. Kwa mwaka wamekuja watu tisa. Wa plastiki hawezi kuahidi hivyo, hana hata anuani.

Mwezi uliopita ikaja meseji nyingine, kipindi kingine, kikubwa kuliko kile. Nikawatumia masharti yangu, wakakubali yote isipokuwa la wiki mbili, wakanipa siku kumi. Siku wanakuja nilikuwa na mikoba 140 imepangwa hadi juu ya kabati, kalibu liko Mbagala uvunguni kwa mama, na mtindo mpya umeshashonwa vipande 60. Yule kijana wa kamera akainama kwenye meza akashika kitako cha mkoba anakigeuza geuza, "dada, na huku chini mnaunganishaje hata mshono hauonekani?" Nikamuuliza chai anakunywa ya maziwa au ya rangi.